Kukagua Subaru ya Turbo Iliyotumika Kabla ya Kuinunua

Ukifika kulitazama gari ukakuta boneti ina joto, mshukuru mwenye gari, mpange siku nyingine, kisha uondoke. Injini ya turbo iliyochoka huficha karibu aibu zake zote ikishapata moto: moshi wa asubuhi umekwisha kutoka, mlio wa pistoni zilizolegea umetulia, na betri dhaifu imekwisha kupata chaji. Mwuzaji mzoefu analijua hilo, na wapo wanaoliwasha gari nusu saa kabla ya mgeni kubisha hodi. Kwa hiyo mwambie tangu kwenye simu kwamba utafika saa moja asubuhi na kwamba ungependa kulikuta gari limelala tangu jana yake.

Nazungumzia hapa Subaru Impreza WRX na ndugu yake WRX STI, maana kwa mkazi wa Nakuru anayetaka gari la spoti lenye vipuri vinavyopatikana na mafundi wanaolifahamu, safari nyingi huishia hapo. Mapenzi yenyewe si ya jana. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa ndani ya Impreza, Richard Burns akarudia kwa gari la jina hilohilo mwaka 2000, na tangu mashindano hayo yaliporejea kwenye ligi ya dunia mwaka 2021, yakiwa na makao Naivasha, barabara ya kutoka Nakuru kuelekea huko hujaa Subaru kila msimu wake. Mengi ya yaliyo hapa chini yanahusu pia Forester na Legacy zenye turbo za miaka hiyo, kwa sababu injini zao ni za ukoo mmoja.

Jua kwanza unachouziwa

Gari linalotangazwa kuwa STI mara nyingi si STI. Impreza zilizotengenezwa kati ya mwaka 2000 na 2007 zilikuwa za aina nyingi zenye umbo linalofanana, kuanzia za lita 1.5 zisizo na turbo hadi STI yenyewe, na boneti yenye tundu la hewa, bawa la nyuma na nembo ya rangi ya waridi ni vitu ambavyo mtu yeyote hununua dukani na kuvifunga kwa siku moja. Usibishane na mwuzaji kuhusu nembo. Soma namba ya chasisi, ambayo kwa magari yaliyotoka Japani huanza kwa herufi za aina ya gari: GDB ni STI, GDA ni WRX ya kawaida yenye turbo, GD2 na GD3 ni zile za lita 1.5. Kwa umbo lililofuata, GRB ni STI ya milango mitano na GVB ni STI yenye buti. Namba hiyo imegongwa kwenye ukuta wa chuma ulio nyuma ya injini, na imeandikwa pia kwenye logibuku, kwa hiyo picha moja ya logibuku inaweza kukuokolea nauli ya kwenda hadi Kisumu kutazama gari la lita 1.5 lililovishwa koti la STI. Ukiwa mbele ya gari, hesabu gia: STI ya GDB ina giaboksi ya manyuali ya gia sita, ilhali WRX ya GDA ina gia tano au ni ya otomatiki.

Wala usidanganywe na mngurumo. Sauti ile nzito ya kudundadunda ambayo vijana wetu huitambua kutoka mtaa wa pili hutokana na mabomba ya kutolea moshi yasiyo na urefu sawa, yanayofanya moshi wa silinda mbalimbali ufike kwenye turbo kwa mpangilio usio sawa. STI nyingi za Japani za kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000 zina mabomba ya urefu sawa na turbo yenye njia mbili za moshi, na hizo hulia kwa utulivu zaidi. Kwa hiyo GDB isiyonguruma huenda ndiyo iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani, na inayonguruma sana huenda imebadilishwa mabomba, swali likabaki kama na kompyuta ya injini ilirekebishwa ili iendane na mabomba hayo.

Jambo jingine la kuliweka akilini ni umri. Kenya hairuhusu kuingizwa nchini gari lililozidi miaka minane, na GDB za mwisho zilitoka kiwandani mwaka 2007. Maana yake ni kwamba kila GDB utakayoonyeshwa imekwisha kukaa katika barabara zetu kwa zaidi ya miaka kumi, na imepitia mikono kadhaa. Anayekuambia kwamba “imeingia juzi kutoka Japani” anakuambia uongo ambao kalenda yenyewe inautegua.

Karatasi kabla ya spana

Watu wengi huanza na injini kisha karatasi. Mimi huanza na karatasi kwa sababu ni za bei nafuu na hazichafui mikono. Kupitia akaunti yako ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, omba kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, nakala ya kumbukumbu za gari ukitumia namba ya usajili. Itakuonyesha jina la mmiliki, namba ya chasisi, namba ya injini, rangi, na kama kuna benki, Sacco au kampuni ya mikopo yenye dai juu ya gari hilo. Linganisha kila kitu na kitambulisho cha aliyesimama mbele yako. Ikiwa anayeuza ni “rafiki wa mwenye gari”, mwombe mwenye gari mwenyewe aje. Ikiwa mwenye gari amefariki, familia haiwezi kukuuzia kihalali kabla ya mahakama kumthibitisha msimamizi wa mirathi, hata wakiwa waungwana kiasi gani.

Namba ya injini ndiyo inayowapiga chenga wengi. Injini hizi zikivunjika, mwenye gari mara nyingi hununua nyingine iliyotumika na kuifunga, na kufanya hivyo si kosa iwapo mabadiliko yamekaguliwa na kuandikishwa. Bila ya kuandikishwa, tatizo linahamia kwako siku ya kuhamisha umiliki. Namba yenyewe imegongwa juu ya bloki, karibu na pale injini inapoungana na giaboksi, na huwa imefunikwa na vumbi na oili. Nenda na kitambaa na tochi. Ukikuta imekwanguliwa au imegongwa upya kwa herufi zisizolingana, usitoe hata shilingi ya kuonyesha nia.

Kama mwuzaji bado ana cheti cha kusafirishia gari kutoka Japani au karatasi ya mnada, hizo ni dhahabu. Cheti huwa na usomaji wa kilomita, nao unaweza kuulinganisha na ule ulio kwenye dashibodi. Karatasi ya mnada huwa na alama ya hali ya gari, na herufi R kwenye nafasi ya alama humaanisha kwamba lilipata ajali likatengenezwa. R peke yake hainifukuzi, lakini hunifanya nilale chini ya gari muda mrefu zaidi.

Injini ikiwa baridi

Sasa fungua boneti. Injini hii ni ya boksa, yaani silinda zake nne zimelala chini, mbili kila upande, na pistoni zinarushiana ngumi kama mabondia. Kulala huko ndiko kunakoifanya gari kushika barabara vizuri, na ndiko kunakofanya oili inayovuja kwenye vifuniko vya valvu idondoke moja kwa moja juu ya mabomba ya moto. Harufu ya oili inayoungua gari likisimama ni jambo la kawaida katika Subaru za umri huu na mara nyingi ni gasketi za bei ndogo, ila itumie kupunguza bei.

Chomoa kijiti cha kupimia oili kabla ya kuwasha. Narudia hili kwa sababu nimelilipia. WRX yangu ya kwanza niliinunua jioni, mvua ikinyesha, kwa mtu aliyekuwa na haraka kunizidi, na sikuchomoa kijiti. Majuma mawili baadaye, nikipanda kuelekea Mau Summit, nikasikia mlio mdogo wa kugonga uliokuwa ukienda sambamba na mwendo wa injini: kogo, kogo, kogo. Fundi alipolifungua karai la oili lililo chini ya injini alimwaga chini ya lita mbili, zikiwa zimechanganyika na vumbi la beringi linalometameta. Injini hizi hula oili kidogo hata zikiwa nzima, zinahitaji zaidi ya lita nne, na beringi za krenki hazisamehi upungufu. Oili iliyo chini ya alama ya chini kwa gari linalouzwa inakuonyesha jinsi mwenyewe alivyolitunza siku ambazo hapakuwa na mnunuzi.

Funua pia kifuniko cha kumwagia oili na utazame utando wa rangi ya maziwa, kisha fungua kifuniko cha rejeta, na hapa ubaridi wa injini ni suala la usalama wako, maana rejeta ya moto hukuunguza uso. Maji yawe na rangi ya kipoza joto chake, si kutu, wala yasiwe na mafuta yanayoelea.

Mwombe mwenye gari awashe huku wewe umesimama nyuma. Mvuke mweupe unaopotea baada ya dakika chache katika baridi ya asubuhi ya Nakuru hauna neno. Moshi wa buluu ni oili. Ukitoka mara moja tu wakati wa kuwasha kisha ukaisha, mara nyingi ni mihuri ya valvu, lakini ukitoka injini ilipokaa dakika kadhaa bila kukanyagwa kisha ikakanyagwa, shuku turbo. Moshi mweupe mzito usioisha, wenye harufu tamutamu, na mapovu yanayopanda ndani ya chupa ya maji, ni dalili za gasketi ya kichwa, ugonjwa unaojulikana zaidi kwa injini za lita 2.5 kuliko za lita 2.0.

Kisha sikiliza. Mlio wa tikitiki au wa kugongana kidogo unaosikika injini ikiwa baridi na kufifia kadiri inavyopata joto, aghalabu ni pistoni inayocheza ndani ya silinda, na magari mengi huishi nao miaka. Mlio unaozidi injini ikishapata moto ni wa kuogopwa, kwa sababu oili imekuwa nyepesi na beringi iliyoliwa haina tena cha kuiegemeza. Fundi mwenye umri ataweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye bloki na mpini sikioni, na ataijua tofauti hiyo haraka.

Kuhusu mkanda wa taimingi, injini za EJ, yaani ukoo wa injini za magari haya, huutumia, na ukikatika valvu hukutana na pistoni na injini imekwisha. Hubadilishwa takriban kila kilomita 100,000. Mafundi wa Japani wana desturi nzuri ya kubandika ndani ya boneti karatasi inayoonyesha tarehe na kilomita za siku mkanda ulipobadilishwa, itafute. Ikikuonyesha kilomita 102,000 na dashibodi inasoma 88,000, hapo mazungumzo yenu na mwuzaji yamebadilika.

Kipimo cha mgandamizo, na mwinuko wa Nakuru

Hiki, cha kupima jinsi kila silinda inavyobana hewa, ndicho kipimo ambacho wauzaji hukichukia na ambacho wanunuzi hukiruka kwa kuwa kinachukua muda. Plagi za injini ya boksa zimejificha ubavuni, na kuzitoa zote nne ni kazi ya saa kadhaa. Mlipe fundi wako mwenyewe, si fundi wa mwuzaji, aifanye. Injini iwe imepashwa moto, plagi zote zitolewe, petroli ikatwe, na pedali ya mafuta ikanyagwe hadi mwisho wakati wa kuzungusha.

Watu hutafuta kwenye intaneti namba iliyoandikwa na mtu wa nchi nyingine kisha wanashtuka. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ina kanieneo pungufu kwa karibu asilimia 20 ikilinganishwa na Mombasa. Injini ileile ambayo geji yake ingesoma paundi 150 Mombasa inaweza kusoma karibu 120 hapa bila kuwa na ugonjwa wowote. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, itakuwa katikati. Kwa hiyo usiitazame namba peke yake. Tazama tofauti kati ya silinda na silinda: ikizidi asilimia 10 hivi, kuna jambo. Katika injini za lita 2.5 zenye turbo, silinda ya nne ndiyo inayosifika kwa kupasuka kingo za pistoni zinazoshika ringi.

Fundi akipendekeza kumwaga kijiko cha oili kwenye silinda dhaifu na kupima tena, mkubalie, ila jueni nyote kwamba katika silinda iliyolala oili hutuama upande wa chini na haifuniki ringi zote, hivyo jibu lake si la kuaminika kama katika injini iliyosimama. Afadhali, kama ana kifaa, ajaze silinda hewa ya kompresa na asikilize inakotokea: kwenye bomba la moshi ni valvu, kwenye tundu la oili ni ringi, kwenye rejeta ni gasketi.

Wakati huohuo aunganishe kompyuta ya uchunguzi na asome makosa yaliyohifadhiwa. Muulize mwenye gari waziwazi kama kompyuta ya injini imewahi kuchezewa. Magari haya yalipangwa kwa petroli ya Japani ya okteni inayokaribia 100, ambayo si ile ya pampu ya kawaida ya hapa, na fundi aliyeongeza msukumo wa turbo bila kulizingatia hilo ameiachia injini mipasuko isiyo ya wakati wake ndani ya silinda. Gari linalopiga risasi kwenye egzosi kila mguu unapotoka kwenye mafuta lina wateja wake. Mimi si mmoja wao, kwa sababu moto huo unaunguza turbo na valvu.

Barabarani

Endesha wewe, na redio izimwe. Kutoka Milimani kupanda kuelekea Menengai kuna mwinuko wa kutosha kuonyesha klachi iliyochoka: ukiwa gia ya nne, mwendo mdogo, kanyaga mafuta yote, injini ikipanda mizunguko na gari likabaki vilevile, klachi inateleza. Shusha gia kutoka ya tatu hadi ya pili mara kadhaa na usikilize kama inasaga. Giaboksi ya gia tano ya WRX haikupenda kamwe madereva wanaoondoka kwenye taa kama wako mashindanoni, na gia zilizoliwa hulia kwa uluzi unaobadilika kulingana na gia uliyoingiza. Turbo nzima hupuliza kwa sauti laini. Inayolia kama king’ora cha mbali inaaga dunia.

Kisha tafuta uwanja mtupu, zungusha usukani hadi mwisho, na uendeshe mduara polepole katika gia ya kwanza. Gari likirukaruka au likijizuia kama lililoshikwa breki, difu ya katikati ya WRX imekufa. Sababu ya kawaida ya kifo hicho ni tairi zisizolingana. Magurudumu manne yote ya gari hili husukumwa kwa pamoja, na tairi moja mpya kati ya tatu zilizoisha huifanya difu ifanye kazi kila sekunde ya safari. Kwa hiyo tazama tairi zote nne: ziwe za aina moja, saizi moja na uchakavu unaokaribiana. Mwenye gari aliyeweka tairi mbili za kampuni moja na mbili za kampuni nyingine amebana matumizi mahali pabaya.

Kwenye barabara kuu kuelekea Lanet, ukiwa ndani ya mwendo unaoruhusiwa, sikiliza mvumo unaozidi kadiri mwendo unavyozidi. Mara nyingi ni beringi za magurudumu, udhaifu wa kizazi hiki, na hazitakugharimu sana. Mlio wa kugonga upande wa mbele unapovuka matuta huenda ukawa wa shoki za STI zilizopinduliwa au bushi.

Chini ya gari

Lipandishe kwenye rampu. Magari yaliyokatwa springi ili yakae chini hukwaruza matuta yetu, na linalogongwa kwanza ni karai la oili. Bonde dogo kwenye karai si urembo mbaya tu: ndani yake kuna bomba linalofyonza oili, na karai likikaribia mdomo wa bomba hilo, oili haifiki inakotakiwa. Tafuta pia chuma kilichonyooshwa kwa nyundo, welding isiyo ya kiwandani kwenye reli za mbele, na kutu kwenye matao ya nyuma, hasa kwa gari lililotoka sehemu za Japani zenye theluji na chumvi barabarani. Rangi mpya chini ya gari lenye umri wa karibu miaka 20 hunitia wasiwasi kuliko kutu yenyewe.

Kulipa

Kabla ya kukubaliana bei, piga simu kwa kampuni yako ya bima uulize kama wanalikubali gari la aina na umri huo kwa bima kamili, na kwa masharti gani. Usingoje kuulizia baada ya kulipa. Mkataba wa mauzo uandikwe, uwe na namba ya chasisi na ya injini, na usainiwe mbele ya wakili. Fedha zipitie benki. Mwuzaji aanzishe uhamisho wa umiliki kwenye mfumo wa NTSA mkiwa mmeketi pamoja, na wewe uukubali kwenye akaunti yako hapohapo, badala ya kuondoka na ahadi ya kwamba “nitashughulikia Jumatatu”.

Na tenga fedha za siku ya kwanza, nje ya bei ya gari: oili na filta, maji ya rejeta, plagi, na mkanda wa taimingi pamoja na roli zake na pampu ya maji, isipokuwa kama umeonyeshwa risiti ya kazi hiyo. Mkanda, roli na pampu hiyo viko nyuma ya kifuniko kimoja, na fundi akishakifungua hutaki alazimike kukifungua tena mwezi ujao.